Folda zikifanana majina msituambie tufute

Ndugu mhariri,

Habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Morogoro, gazeti nikilipata huwa naanza na ukurasa huu wa barua kabla hata ya siasa. Sijawahi kuwaandikia hata mara moja, ila wiki iliyopita mlitoa kale kamakala ka teknolojia kanakosema diski ikijaa ushushe programu ya kutafuta vitu vilivyojirudia, ubonyeze pa kuchagua vyote, ufute, basi umepata nafasi yako. Nilisoma nikaweka kikombe cha chai chini. Aliyeandika vile ama hajawahi kupoteza kitu cha mtu ama kompyuta yake ina miziki tu, manake ushauri huohuo nilijishauri mwenyewe Machi 2022 bila hata kusoma gazeti na mpaka leo naulipia.

Naomba nieleze, na kama barua ni ndefu mkate mnapoona panafaa, ila ile sehemu ya mwisho msiikate, nina sababu.

Nina studio ya picha. Nilianza 2008 na picha za pasipoti na kulaminetisha vyeti, saivi kazi kubwa ni shughuli za watu, sendofu, kitchen pati, harusi, kipaimara, mahafali ya chekechea, na kila shughuli ina folda yake kwenye kompyuta. Yani ingekuwa ina folda yake moja nisingeandika barua hii. Nenda studio yoyote ya mjini uombe wakufungulie diski yao utakuta SENDOFF KIHONDA, pembeni SENDOFF KIHONDA FINAL, chini yake SENDOFF KIHONDA FINAL MPYA, alafu SENDOFF KIHONDA FINAL MPYA - Copy, alafu moja imeandikwa USIFUTE na nyingine USIFUTE 2, na ukimuuliza mwenye studio ipi ndo yenyewe anakuangalia kama umemuuliza idadi ya nyota. Mi kwangu zipo mpaka zinazoanza na Copy of, hizo ni za enzi za Windows XP, waliokuja baadaye ndo wanaliweka lile neno la Copy mwishoni, kwaiyo hata kwa jina tu najua folda ipi ni mzee na ipi ni kijana.

Watu wanadhani zinazaliwa kwa uvivu. Sio kweli, zinazaliwa kwa woga. Unamwaga kadi ya memori kwenye laptopu, katikati umeme unakatika na betri ya laptopu ilishakufa zamani, folda inabaki nusu, kesho yake hukumbuki ulifika wapi kwaiyo unakopi upya pembeni na ile nusu unaogopa kuifuta, sasa una nzima na nusu na zote zina jina moja. Dogo wangu wa editingi anachukua kopi ya kufanyia kazi, anatoa picha ambazo watu wamefumba macho, anaongeza alizotengeneza rangi, kwaiyo hiyo kopi yake ina pungufu na ina nyongeza kwa wakati mmoja. Mteja anakuja na flashi anataka "zile chache tu dada", folda nyingine. Laptopu inajaa, unahamishia diski ya nje, ile ya kwenye laptopu huifuti mpaka uhakikishe, na kuhakikisha hakufiki. Ikipita miaka kumi una mlima.

Sasa tukio lenyewe. Desemba 2021 tulipiga sendofu moja maeneo ya Kihonda, kamera mbili za Canon, moja nimeshika mi niko ukumbini na nyingine ameshika dogo yuko chumbani kwa bibi harusi anapambwa na shangazi zake. Kamera zote mbili tuliziwekea kadi mpya asubuhi hiyo, na zote zilikuwa zimesetiwa zianze kuhesabu upya kila kadi inapobadilishwa. Mnaelewa maana yake? Picha yangu ya kwanza inaitwa IMG_0001 na ya dogo inaitwa IMG_0001, na kuendelea hivohivo mpaka mia sita na kitu. Usiku tumerudi tumechoka dogo akazimwaga kadi zote kwenye diski ya nje, ya kwangu akaiita SENDOFF KIHONDA, yake akaandika SENDOFF KIHONDA (2). Yeye kwa akili yake mbili ni kamera ya pili. Mi kwa akili yangu ile mbili kwenye mabano ni ile inayojiandikaga yenyewe ukikopi kitu mara mbili.

Album ikasimama kwa sababu mzee wa bibi harusi alikuwa hajamalizia salio, hayo ni ya kawaida kwenye kazi yetu na sina kinyongo. Machi diski imejaa, nina harusi Jumamosi, nikakaa Ijumaa usiku nasafisha. Nikazikuta hizo mbili. Moja ina faili 640, nyingine 655. Moja GB 5.1 nyingine 5.3. Majina ni yaleyale, tarehe ni ileile. Nikasema ngoja nisiwe na haraka nifungue nione, nikafungua IMG_0001 ya huku ni jukwaa limepambwa vitambaa vya zambarau, nikafungua IMG_0001 ya kule ni jukwaa limepambwa vitambaa vya zambarau, manake asubuhi ile kabla dogo hajaenda chumbani wote wawili tulijaribu kamera zetu palepale mbele ya jukwaa. Nikaridhika. Shift na Delete kwa pamoja, isipitie hata kwenye kapu la taka.

Mwezi wa nne bibi harusi anakuja na salio mkononi, tunafungua, picha za ukumbini zipo, za kupambwa hakuna hata moja. Dogo akasema madam zile si zipo kwenye ile ya mbili. Nikaishiwa nguvu za magoti. Na kadi za memori zilishafomatiwa mara kumi tangu hapo.

Nikampelekea fundi. Alichonifokea kwanza ni kwamba niliendelea kuitumia ile diski, manake kitu ukikifuta huwa hakiondoki palepale, kompyuta inafuta tu anwani yake na kusema hapa pako wazi, kinachokiua kabisa ni vitu vipya unavyopakia juu yake, na mi nilishapakia harusi tatu. Akasema ingekuwa ni hizi diski mpya za SSD pengine tusingepata hata moja kwa sababu zenyewe zina tabia ya kusafisha zile sehemu zilizofutwa. Akawasha programu ya bure inaitwa PhotoRec ikakesha usiku kucha inachokonoa diski nzima, asubuhi akanipa faili 31,240.

Mnasema si umepata? Subirini. Ile programu inatambua picha kwa umbo lake la ndani, majina haiyajui, kwaiyo kila picha inatoka na jina kama f0284736.jpg, zinapangwa 500 kwa kila folda, folda zinaitwa recup_dir.1, recup_dir.2, kwangu zilifika 63. Na kwa kuwa ilichokonoa diski nzima ilileta zilizofutwa na ambazo hazijafutwa, za miaka sita, harusi za watu zimechanganyika na mahafali ya watoto na picha za pasipoti, na ndani yake kuna vijipicha vidogo vinavyoanza na herufi t ambavyo ni vivuli tu vya zile kubwa. Hapo ndo nilipoelewa kwamba jina la faili ni kibandiko cha nje tu. Hapakuwa na jina tena. Ikabidi tufananishe kwa vilivyomo.

Aliyeniokoa ni mtoto wa kaka yangu, anasoma chuo cha kilimo cha SUA mambo ya misitu, alikuja kula chakula cha Jumapili akanikuta nalia. Akaniambia shangazi kila faili ina alama yake ya kidole. Kompyuta inasoma faili yote mwanzo mpaka mwisho, inapiga hesabu, inakutolea mstari mmoja wa tarakimu na herufi, faili mbili zikiwa sawa herufi kwa herufi mstari ni mmoja hata kama majina ni tofauti, na ukibadilisha hata nukta moja ya rangi mstari wote unabadilika. Wenyewe wanaita heshi. Na Windows inayo tayari, unafungua kile kidirisha cheusi cha amri (Command Prompt) unaandika certutil -hashfile alafu jina la faili alafu SHA256, inakupa mstari wa herufi 64. Kuna nyingine ya zamani zaidi, iliyotangazwa 1992, inaitwa MD5 yenye herufi 32, vijana wataniambia ile ilivunjwa na watafiti wa China 2004, sawa, ilivunjwa kwa mtu anayetaka kughushi kwa makusudi, hakuna anayeghushi picha za sendofu ya Kihonda.

Tulianza kwa kufuta vile vya herufi t. Zilizobaki akaziingiza kwenye programu nyingine ya bure, dupeGuru, ile unaweza kuiambia folda hizi ni za kumbukumbu usiziguse kabisa hata ukikuta nini, nyingine ndo uzilinganishe nazo. Tukaziweka folda zetu nzima kama za kumbukumbu, zile 63 tukazilinganisha. Maelfu kwa maelfu yakaondoka kwa sababu tayari tunayo. Zikabaki kama 1,900 ambazo zilikuwa hazina mwenzake popote, hizo ndo zilizofutwa kweli, tukazipanga kwa saa ambayo kamera inaiandika ndani ya picha, na kule kwa Desemba 2021 tukaokota picha 403 za chumbani. 403 kati ya 655. Nyingine zimekatika katikati, juu ni uso wa mtu chini ni rangi ya kijivu. Bibi harusi alizipokea, salio nikamrudishia lote na album nikampa bure, na alichonijibu hakifai gazetini.

Baada ya hapo nikajiapiza kwamba folda sifuti kwa kuangalia na macho. Na ndo nikaanza kujifunza kitu ambacho makala yenu haikugusa kabisa, kwamba folda zilizo sawasawa kabisa siyo tatizo, hizo hata mtoto anaweza kuzifuta. Tatizo ni zile za karibu sawa. Hizo ndo zinaua, kwa sababu zinakufanya uzoee. Unaangalia picha kumi zinafanana, ya kumi na moja huangalii.

Yule mtoto wa kaka yangu akaniambia shangazi hii hesabu sisi tunaifanya msituni. Wakienda milima ya Uluguru wanachukua vipande viwili vya msitu, wanaorodhesha aina za miti ya kila kipande, alafu wanachukua aina zilizopo kotekote wanagawa kwa jumla ya aina zote walizoziona, ikikaribia moja basi misitu hiyo ni ndugu, ikikaribia sifuri hawajuani. Hesabu ni ya mtaalamu mmoja wa mimea wa Uswisi, Paul Jaccard, alikuwa analinganisha mimea ya milima ya Alps mwaka 1901, hakuna kompyuta hakuna nini. Badala ya miti weka faili.

Nikaifanya kwa harusi moja ya Bigwa ya Agosti 2023. Folda ya kwanza faili 812, ya pili 790, zilizopo kotekote kwa alama ya kidole 775. Ukiunganisha bila kurudia unapata 827, ukigawa 775 kwa 827 ni karibu asilimia 94. Mtu akiona 94 atakushauri hizi ni moja, baki na iliyo kubwa. Sasa ngoja nikuoneshe hiyo sita iliyobaki imebeba nini. Upande wa folda kubwa kuna picha 37 ambazo kwingine hazipo, nikazifungua zote ni watu wamefumba macho na moja ni kiatu changu. Upande wa folda ndogo kuna 15 ambazo kwingine hazipo, majina yake yanaanza IMG-20230819-WA, kila moja haifiki hata nusu MB. Takataka za WhatsApp, si ndio? Ni kuvishana pete. Betri ya kamera yangu ilizima pale pale mbele ya padri, na mpaka nabadilisha walishamaliza, kwaiyo tuliomba kwa kaka wa bwana harusi aliyepiga kwa simu, akatutumia kwa WhatsApp, dogo akazitupia kwenye folda yake ya kazi. Zimebanwa, hazina ubora, na dunia nzima hakuna nyingine. Ningebaki na folda kubwa kama ushauri unavyosema ningemwambia yule mwanamke hukuvishwa pete.

Kwaiyo mi saivi asilimia naitumia kutafuta tu, siitumii kuhukumu. Ikinionesha folda mbili zinafanana kwa zaidi ya themanini nazikalisha pamoja kwenye WinMerge, na yenyewe ni ya bure, unaipa folda ya kushoto na ya kulia, unaweka tiki ya kuingia mpaka folda za ndani, unachagua ilinganishe vilivyomo vyote isilinganishe tarehe, unaenda kununua vocha unarudi. Inakupangia hizi ni sawa, hizi jina ni moja ila ndani tofauti, hizi zipo kushoto tu, hizi zipo kulia tu. Mi nikiona upande mmoja hauna cha peke yake hata kimoja na hakuna zenye jina moja ndani tofauti, yani folda nzima imemezwa na mwenzake, hiyo ndo naweza kuiondoa. Ikiwa kila upande una chake basi hakuna wa kufuta, kuna wa kuunganisha, unahamisha vya peke yake kwenda kwa mkubwa ndo mdogo anaondoka.

Hapo kwenye jina moja ndani tofauti pana mitego yake. Ukiizungusha picha iliyolala ikasimama ukasevu, kwa macho ni ileile lakini alama ya kidole imebadilika. Ndo ujue pia kwamba hii njia ya alama haitambui picha iliyopita WhatsApp kuwa ni mtoto wa picha ya kamera, kwake ni watu wawili, kwa hizo kuna programu zinazolinganisha sura ya picha yenyewe na hizo majibu yake lazima uyapitie kwa macho, manake picha tatu za keki zilizopigwa ndani ya sekunde moja nazo itasema ni moja.

Na kuna tofauti ambazo siyo tofauti. Folda moja ina faili 641 nyingine 640 unatafuta moja iliyozidi mpaka jicho linauma, kumbe ni Thumbs.db, faili iliyojificha ambayo Windows, hasa zile za zamani, inajitengenezea, na ikiwa diski ilipita kwenye kompyuta za Mac utakuta .DS_Store kila kona. Ukubwa wa folda nao ukiangalia pale kwenye mali zake kuna namba mbili, ukubwa wenyewe na nafasi iliyochukua kwenye diski, hiyo ya pili inabadilika kutokana na diski ilivyofomatiwa kwaiyo usigombane nayo. Saa ndo usiseme, flashi zilizofomatiwa kwa mtindo wa FAT32 zinaandika muda wa kurekebishwa kwa kuruka sekunde mbilimbili, kwaiyo faili ileile kwenye laptopu ni saa 8:14:07 na kwenye flashi ni 8:14:08, mtu anadhani mojawapo ni mpya zaidi. Na ukikopi faili, tarehe ya kurekebishwa inabaki ya zamani lakini ya kuundwa inakuwa ya leo, ndo maana unakuta faili imerekebishwa kabla haijazaliwa. Hiyo mi naipenda, ndo inayonionesha ipi ni kopi.

Alafu folda pacha ambayo siyo folda. Flashi za wateja waliotoka nazo steshenari, unafungua unakuta folda ina sura ya folda na jina la folda lakini aina yake imeandikwa Application na ukubwa wake ni KB mia mbili. Hicho ni kirusi, kimeificha folda halisi kikakaa mlangoni na nguo zake. Usikibofye. Wala usiifomati flashi ya mtu kwa hasira, vitu vyake bado vimo vimefichwa tu.

Ila kilichonifanya nichukue kalamu hasa ni hiki. Yule mwandishi wenu amewaambia wasomaji wachomeke diski zote ili programu itafute kotekote. Ndugu mhariri, mtu mwenye akili ana bekapu. Kuna mpiga picha wa Marekani anaitwa Peter Krogh ndo aliyesambaza ile kanuni ya tatu mbili moja, nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Sasa mtu huyo mtiifu akichomeka laptopu na diski ya bekapu kwa pamoja akaiambia programu tafuta vilivyojirudia, itamjibu KILA KITU kimejirudia, na ni kweli! Anabonyeza chagua vyote, anafuta, ameshaua bekapu yake kwa mkono wake na amepewa hongera ya kupata GB mia nne. Kopi ya bekapu na kopi ya bahati mbaya kwa kompyuta ni kitu kimoja, ni wewe tu unayejua ipi uliiweka kwa makusudi. Mi diski ya bekapu nikiwa nasafisha haichomekwi kabisa, iko kwa mama yangu kabatini chini ya vitenge.

Na zile programu za kusawazisha folda mbili nazo, FreeFileSync na nyinginezo, nzuri sana ila msome kabla ya kubonyeza, ile iliyoandikwa Mirror maana yake ni kioo, inaifanya ya kulia iwe kama ya kushoto kabisa, yani kilichopo kulia ambacho kushoto hakipo inakifuta. Robocopy, ile amri ya kukopi ya Windows, ukiiwekea /MIR ni hivohivo, iwekee na /L kwanza ikuoneshe tu itakachofanya. Dogo aliwahi kugeuza kushoto kulia. Nashukuru Mungu ilikuwa folda ya fonti.

Sisemi tusifute, diski ni pesa, na ukinunua ya TB 1 Windows inakuonesha GB 931 ushaona umepunjwa kabla hujaanza (hujapunjwa, ni namna mbili za kuhesabu, lakini inauma). Na kuna kufuta kwa lazima. Mama mmoja aliniomba niondoe picha za mwanae, haki yake, na saivi tuna ile sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Nikafuta mbele yake akaondoka ameridhika. Miezi miwili mbele nakutana na uso wa mtoto yuleyule kwenye folda tatu nyingine. Nilijisikia mwongo.

Namna ninayofuta saivi ni hii, folda nikishahakikisha kwamba imemezwa siifuti siku hiyo. Naibadilisha jina naweka XX mbele na tarehe, naiacha siku 60. Kwa nini jina? Kwa sababu miradi ya video kwenye Premiere, ile programu ya editingi ya video, huwa haibebi video yenyewe ndani, inakumbuka tu njia ya kwenda kwenye folda, ukibadilisha jina inapotea, ukifungua mradi unakutana na lile bango jekundu la Media Offline. Hapo unajua kumbe kuna kazi ilikuwa inakula kwenye hii folda uliyodhani ni kopi, unarudisha jina, maisha yanaendelea. Siku 60 zikipita bila mtu kulia, ndo inaenda. Na kamera zetu zikitoka shughulini kadi ya kwangu inamwagwa na kila picha inawekewa A_ mbele ya jina na ya dogo B_ papo hapo, kabla ya kunywa hata maji. Wenye Nikon nyingi wanaweza kubadili zile herufi za DSC ndani ya kamera yenyewe, sisi tunafanya kwa mkono.

Sasa ile sehemu niliyoomba msikate. Katika zile 1,900 tulizookota karibu zote zilipata wenyewe, tulipiga simu, watu walikuja, wengine walipata picha ambazo hata hawakujua walipigwa. Zimebaki 214 ambazo hatujui ni za nani, muda wa ndani umeharibika, na kwenye folda zetu hakuna inayofanana nazo. Kati ya hizo kuna kama 30 za mzee mmoja kavaa kanzu na koti la kahawia, kakaa kiti cha plastiki chini ya mwembe, anagawa soda kwa watoto waliopanga mstari na mtoto wa mwisho kwenye mstari amebeba mtoto mwenzake mgongoni. Nyuma yao kuna ukuta wa bluu wenye alama ya X nyekundu, zile za kubomolewa. Kama kuna msomaji anayemjua mzee huyo au ukuta huo aje studio, au aniandikie kupitia gazeti hili, picha zake zipo kwenye folda moja tu na nakala yake iko kwa mama kabatini.

Ni mimi mpiga picha,
Morogoro